Birika Lenye Afya Njema

Mume wangu ana ugonjwa mmoja tu, nao hauna dawa: anaandika. Nimekuwa nesi miaka ishirini na mmoja, nimehudumia wagonjwa wa kila aina, lakini huyu wa nyumbani kwangu amenishinda. Siku ya ndoa yetu aliandika saa niliyofika, na mpaka leo ananionyesha kwamba nilichelewa dakika arobaini. Siku najifungua mtoto wa kwanza, mimi nahangaika na uchungu, mwenzangu yuko koridoni anaandika manesi wangapi wameingia na wangapi wametoka. Ukimuuliza ya nini, anakujibu, "Siku moja mtu atauliza." Jamani, nani atauliza?

Ni bawabu wa Bunge, mlango wa ukumbi namba tatu, inapokutana Kamati ya Afya. Kazi yake ni kufungua, kufunga na kunyamaza. Kikao kikianza, bawabu haruhusiwi kutoa neno hata siafu wampande mguuni. Amenyamaza hivyo miaka kumi na sita, ndiyo maana akifika nyumbani hafungi mdomo.

Ulipoingia ule ugonjwa wa homa na barakoa, kila mlango wa Bunge ukapewa kipimajoto, kile cha kumwelekezea mtu usoni kama bastola, pamoja na daftari lenye safu nne: saa, anayeingia, joto, maelezo. Ukutani wakabandika tangazo: WATU NA VITU VYOTE VIPIMWE NA KUANDIKWA KABLA YA KUINGIA. Aliyeliandika alikuwa na haraka zake. Mabawabu wengine walipima watu, vitu wakavipungia mkono vipite. Mume wangu alilisoma tangazo mara mbili, akavuta kiti, akaanza kazi. Akapima wabunge. Akapima mikoba yao. Ikaja feni mpya, akaipima. Mhudumu wa chai alipofika na birika, akaambiwa asimame kwenye alama.

"Mzee, unalipima birika?"

"Tangazo limesema vitu vyote."

"Na likiwa na homa?"

"Litarudi jikoni."

Watu walivunjika mbavu. Wakambandika jina, Mzee wa Daftari, na yeye akalipokea kama cheo.

Jioni alirudi na daftari lake, maana mali ya serikali, ati, hailali peke yake ofisini. Akaliweka karibu na sahani, akaanza kunisomea. Saa mbili na dakika kumi, mheshimiwa fulani. Saa mbili na robo, mheshimiwa fulani. Mimi nimetoka zamu, miguu inawaka moto, nataka kula! Kila jioni namkatiza kabla hajafika saa tatu, na wiki ya pili nikapasuka. "Baba watoto, hilo daftari nisilione mezani. Wala nisilisikie!" Akalifunga. Ni mtiifu huyu bwana, mpaka anaudhi.

Sasa sikieni yaliyonipata. Na sisi zahanati tuliletewa vipimajoto hivyo hivyo, kutoka wizarani, kwenye maboksi ya bluu. Mwongozo ukakataza kumgusa mgonjwa getini. Nikasema haya. Akaja fundi bomba, amevaa koti kwenye jua kali, macho mekundu, meno yanagongana. Nikampima: thelathini na sita nukta nne. Nikampima tena: hiyo hiyo. Kiganja changu kilikuwa kinaniwasha kumgusa paji la uso, lakini mwongozo ni mwongozo, nikamruhusu aingie. Baada ya siku nne, nusu yetu tuko kitandani, zahanati imefungwa. Fundi alipona, sote tulipona, na wizara nayo ikapona haraka kuliko sote: ikatangaza kwamba vifaa ni vizima, wazembe ni manesi. Nikapewa barua ya kusimamishwa kazi. Miaka ishirini na mmoja, unga umemwagika kwa karatasi moja!

Zahanati kama yetu zilikuwa kumi na moja. Kamati ya Afya ikasema haiwezi kupokea ripoti ya wizara hivi hivi, inataka kuwahoji wahusika, na mimi nikaitwa kutoa ushahidi. Kamati ikikubaliana na wizara, kazi imekwenda, na leseni ya unesi nayo ndiyo basi. Usiku sikulala, asubuhi nikavaa viatu tofauti, ikabidi nirudi ndani kubadilisha.

Na mlangoni nani? Mume wangu, suruali imenyooka, barakoa imefika machoni.

"Mama, simama kwenye alama."

"Baba watoto, si tumeamka wote?"

"Kwenye alama, tafadhali. Cheo?"

"Cheo! Mpishi wako!"

Akanipima, thelathini na sita nukta nne, akainama kuandika. Akaandika kwa muda mrefu kweli. Nikajua ananishtaki kwa ukali wa mdomo. Damu ilinichemka mpaka nikashangaa kile kidude hakikuona.

Ndani, mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja wa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na upande wa pili amekaa mkurugenzi wa vifaa wa wizara na faili nene kama godoro. Nikahojiwa mimi kwanza. Nikaeleza habari za fundi bomba. Mkurugenzi akatabasamu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nesi alichoka, akasoma vibaya. Ni ubinadamu. Vifaa hivi ni bora kabisa. Hata mlango wa ukumbi huu unatumia kifaa cha boksi lile lile, miezi mitatu sasa. Mmewahi kusikia lalamiko lolote?"

Wabunge wakatazamana. Kweli, hawajawahi kusikia. Nikaona kazi yangu inakwenda hivi hivi naitazama.

"Basi tuweke kwenye kumbukumbu," akasema mwenyekiti. "Bawabu, lete daftari la mlango. Tusomee ya jana, ili mkurugenzi aridhike."

Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo alipojipalia makaa.

Mume wangu akaja mbele. Miaka kumi na sita hajatoa neno ndani ya ukumbi ule. Akakohoa, akafungua, akasoma kwa sauti ile ile ya mezani kwangu.

"Saa mbili na dakika kumi, mheshimiwa mwenyekiti, thelathini na sita nukta nne. Saa mbili na robo, mheshimiwa makamu, thelathini na sita nukta nne. Saa tatu, feni, thelathini na sita nukta nne. Saa nne kamili, birika la chai, thelathini na sita nukta nne. Saa nne na dakika tano, ndoo ya barafu ya soda, thelathini na..."

"Ngoja," akasema mwenyekiti. Akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni. "Birika lilikuwa na chai?"

"Inachemka, mheshimiwa. Mheshimiwa makamu aliungua ulimi. Imo kwenye maelezo."

"Ni kweli," makamu akasema. "Mpaka leo unauma."

"Na barafu?"

"Ilikuwa barafu, mheshimiwa. Maelezo: ngumu."

Mkurugenzi akasema labda bawabu amekosea kukishika kifaa. Mwenyekiti akaagiza birika liletwe. Likaletwa, linafuka moshi. Makamu akalipima mwenyewe kwa kifaa kile, kwa mbali, maana ameshaonja: thelathini na sita nukta nne. Akampima mkurugenzi, ambaye jasho lilikuwa limelowesha kola: thelathini na sita nukta nne.

"Kwa mujibu wa wizara yako," mwenyekiti akasema, "wewe na birika mna afya njema."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mimi tu ndiye niliyelia. Halafu nikapandwa na hasira. Miezi mitatu! Miezi mitatu mtu huyu anapima birika na barafu, anaandika namba moja, na haoni kitu! Kisha nikakumbuka nani aliyemfunga mdomo mezani. Ningemwacha asome mpaka saa nne tu, angefika kwenye birika, na mimi nesi ningeruka kwenye kiti. Nikanywea pale pale.

"Bawabu," mwenyekiti akasema akifuta machozi, "hukuona ajabu?"

"Mheshimiwa, kazi yangu ni kuandika. Nilijua siku moja mtu atauliza."

"Haya. Malizia na ya leo asubuhi, kisha daftari libaki hapa, ni kielelezo."

Akafunua ukurasa.

"Saa tatu kasorobo, shahidi, nesi, thelathini na sita nukta nne." Akataka kulifunga daftari.

"Na maelezo?"

"Maelezo: Hakukosea. Namjua."

Mwenyekiti akamtazama, akanitazama na mimi.

"Bawabu, hayo si ya kuandikwa mlangoni."

"Ndiyo, mheshimiwa. Lakini safu ilikuwa wazi."

Barua ya kunirudisha kazini ilifika siku ya tisa, na vipimajoto vya maboksi ya bluu vikarudishwa wizarani. Jioni ile nikaandaa chakula, nikasogeza sahani yake pembeni, nikapangusa mahali pa daftari.

"Soma," nikamwambia.

"Daftari lenyewe wamelichukua, mama watoto."

"Nasema soma."

Akafikiri kidogo, akanyoosha kola, akaanza kwa kichwa, tangu siku ya kwanza, mheshimiwa mmoja baada ya mwingine. Chakula kilipoa chote, na sikumkatiza hata mara moja.