Plake Iliyotazama Barabara

Kisimba alizaliwa kaskazini mwa mkoa wa Shaba, upande wa Manono, lakini ukimwuliza mwenyewe alikuambia kwamba alizaliwa siku alipokabidhiwa mashine kubwa ya kuchimbua katika shimo la mgodi wa Mashamba, Kolwezi. Miaka mingi aliinua mawe ya shaba kwa mkono wa chuma, na jioni akarudi mtaa wa Kapata, kwenye nyumba ya kampuni. Huko umeme ulikuwa kama hewa. Hakuna aliyeuliza unatoka wapi. Taa ya barazani iliwaka hata mchana. Mkewe Fidélie alipika bukari, ugali wa huko, kwenye jiko la umeme, na watoto wao walikua bila kujua kiberiti kimewekwa wapi.

Pensheni ikaja, na desturi ya mgodi haina huruma: ukimaliza kazi, unarudisha nyumba. Kisimba hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikuwa amejenga yake, matofali ya kuchoma na mabati mapya, ng'ambo ya Kapata. Ilikuwa nyumba ya heshima. Ila nguzo za umeme zilikoma kabla ya kuifikia.

Giza hilo lingevumilika, kama si Elise, binti yao, kuchumbiwa na Omer, mwalimu wa mjini. Omer alikuwa na shangazi aitwaye Mama Mbelu, mwuza vitenge, mwanamke ambaye ulimi wake ulifika sokoni kabla yake. Mama huyo alisema mbele ya wateja: "Omer wetu alikomaa mu mwangaza. Sasa anaenda kutafuta bibi mu giza, kama anafwata popo?"

Neno likafika kwa Kisimba. Hakujibu kwa matusi. Nyumba ile haikuwa nyumba ya matusi. Alivaa abacost yake, suti isiyo na tai, akamfuata mshenga, akasema: "Wakwe waje kujitambulisha mwisho wa mwezi huu wa Juni. Na baje mangaribi. Hapana asubui. Mangaribi."

Basi ahadi ya mwangaza ilikuwa imetoka mdomoni, na ahadi ya Kisimba ilikuwa haijawahi kurudi nyumbani mikono mitupu.

Alimwendea Musafiri, mfanyabiashara wa Kiislamu kutoka Kasongo, ambaye lori lake lilijua kila shimo la njia ya Zambia. Musafiri akamletea plake ya jua, ile paneli ya kuzalisha umeme, imefungwa ndani ya godoro kama mgonjwa, pamoja na batri ya lori na taa ndefu nyeupe. Wapo walionong'ona kwamba mali ile ilitoka mgodini. Lakini hao hao waliona godoro likishushwa lorini mchana kweupe.

Kisimba akapanda juu ya paa akaifunga plake mwenyewe. Aliifunga wapi? Mbele, bila shaka, kwenye bati linalotazama barabara, ili kila atokaye Kapata ajue nyumba hii ni ya nani. Picha nzuri hutundikwa mbele ya wageni. Nani aliwahi kuitundika nyuma ya kabati?

Batri nayo ikapewa heshima yake: ikawekwa sebuleni, na Fidélie akaifunika kitambaa cheupe alichokifuma kwa krosheti, kama redio na kabati la vyombo. Siku chache tu, maji makali ya batri yakala kitambaa. Fidélie akakiinua, akaona uso wa mumewe kupitia tundu.

"Kisimba, iyi kitu yako inakula kuliko batoto."

"Inakula, lakini itatumika kazi."

Haikuifanya kazi hiyo. Kila jioni taa iliwaka vizuri, na kabla bukari haijaiva ilikuwa nyekundu kama jicho la mlevi, kisha ikafa. Kisimba akabadilisha waya mwembamba akaweka mnene. Akakwangua vichwa vya batri, akaongeza maji safi ya dukani. Akapanda kufuta vumbi, maana kiangazi upepo wa Kingamyambo, kule yanakolundikwa mabaki ya mgodi, huleta vumbi jeupe hata ndani ya sufuria. Taa ikaendelea kufa, na mwisho wa mwezi ukawa unakaribia kama mgeni mwenye mzigo.

Akamwita Musafiri. Yule akaja adhuhuri, na kabla ya kugusa kitu aliomba mahali pa kusali. Fidélie akampa maji ya kutawadha na kumwonyesha uani, nyuma ya nyumba. Musafiri akatandika mkeka wake kati ya jiko la nje na choo, akaelekea kaskazini, kama wanavyoelekea Waislamu wote wa Kolwezi. Alipomaliza, alikaa akipangusa jasho usoni, akatazama juu, akaanza kucheka.

"Tata Kisimba, wakati yote nasali, jua iko inanipiga mu macho. Plake yako inaangalia wapi?"

"Inaangalia barabara. Bantu baione."

"Bantu banaiona. Jua ndiyo haiione! Mu kiangazi jua inapita huku kaskazini; umeigeuzia mugongo."

Fidélie akaweka mikono kiunoni. Miguuni pake mihogo ilikuwa imeanikwa, imekauka hadi kulia kama vigae.

"Sasa mi naanika mihogo huku nyuma kila Juni sababu gani? Kama ungeniuliza!"

Kisimba aliangalia bati la nyuma, akaangalia choo. Kuweka fahari yake yote mahali ambapo wangeiona kuku tu! Usiku ule alikula kidogo. Lakini neno la Mama Mbelu lilikuwa bado linamwasha, na asubuhi alipanda na spana, akaihamishia bati la nyuma.

Siku ikafika. Wakwe walishuka barabarani jua likiwa linashuka, Mama Mbelu mbele na kitenge chake kipya. Akasimama, akachunguza paa.

"Tata Kisimba, ile plake bantu banaimba, iko wapi? Ao mwizi alitutangulia?"

"Karibuni ndani, mama," akajibu Kisimba, na kidole chake kikabonyeza swichi.

Sebule ikawa nyeupe. Walizungumza, wakala kuku na bukari, wakaulizana ukoo, na taa ikasimama imara kama askari wa gwaride. Nje giza likatanda. Ndani Mama Mbelu alikuwa akiikodolea taa kila baada ya tonge, akingoja ifumbe jicho. Haikufumba. Mwishowe akanawa mikono.

"Nionesheni."

Kisimba akakohoa. "Mama, iko... nyuma. Karibu na choo."

"Hata kama iko *mu* choo!"

Wakatoka wote na tochi, wazee wa heshima na vitenge vya sikukuu, wakapita katikati ya mihogo wakijipanga kando ya choo, vichwa juu. Mama Mbelu akaangalia sana.

"Eeh! Kumbe bantu bakubwa banaficha mali nyuma." Akamgeukia Omer. "Mutoto, sema na baba zako badogo. Batakuja kumaliza maneno ya ndoa hapa hapa. Na mangaribi!"

Tangu hapo, mgeni aliyekuja nyumba ile akitaka kuingia kwa mlango wa mbele, Kisimba alimshika mkono kwa adabu na kumzungusha.

"Pitia huku kwanza, tata. Anza na choo."