Nyumba ya Bibi Ukutani

Mimi najiona mtu makini, lakini haya niliyafanya. Kwenye maonyesho ya picha za kale chuoni Ibra, ng'ambo tulikohamia, nilitundika picha niliyoikuta sandukuni mwa marehemu baba, pamoja na za Unguja: nyumba ya nguzo nyeupe na baraza pana. Bila kumuuliza mtu nikaandika chini yake, "Nyumba ya Bibi." Nyumba yake ya Unguja ilichukuliwa wakati wa mapinduzi, wala hakubaki na picha ya nyumba hiyo hata moja.

Bibi aliletwa, akagusa kioo cha picha kwa kidole. "Wallahi ndiyo! Chumba cha dirisha hili ndimo nilimomzaa babako."

Mwalimu wa Kimarekani akasema kwa Kiingereza kuwa hiyo ni nyumba ya kikoloni ya kwao, Carolina Kusini.

"Anasemaje, mjukuu wangu?"

Nikamwambia. Akakiondoa kidole dirishani, taratibu.