Ile ya Marehemu

Hulda anaota mchana, na hilo halijaanza leo. Tunakaa mtaa mmoja, huu unaoitwa Ramadhani, na mara nyingi nampita amesimama mlangoni, chai imepoa mkononi, anautazama ukungu kama mtu anayesubiri mgeni. Ukimwita anashtuka, anacheka, anaomba radhi. Usomi wote ule haujamponya, na mimi nisingependa apone.

Kazi yake ni utafiti. Anawafuatilia watu waliougua saratani wakapona, kisha wakarudi kwenye kazi zao: wanaotia dawa nguzo za umeme kule Makambako, wanaopulizia viazi huku Yakobi. Anataka kujua kama kazi hizo zinaweza kuwarudisha kitandani. Wasomi wenzake huziita dawa hizo viuatilifu. Hulda, mzaliwa wa kijiji cha Mlangali, hana hamu na neno hilo. Kwao watu walisema dawa, basi naye anasema dawa.

Mzee Gideoni, baba yake, ndiye aliyekuwa akipulizia. Kila jioni alirudi na bomba mgongoni, shati limeloa, na binti yake alimkimbilia na kuuficha uso kwenye shati lile. Aliipenda harufu yake. Kwa akili ya kitoto aliamini kwamba mtu anayenukia dawa kila siku hawezi kuugua. Mzee alikufa kwa saratani ya damu Hulda akiwa chuoni. Hadi leo huiota harufu ile, huamka na furaha, kisha anakumbuka.

Mmoja wa watu anaowafuatilia ni mama Devota, mkulima wa viazi wa Yakobi. Alikatwa titi, akapona, na hospitali ikampa vidonge vya kumeza kila siku ili ugonjwa usirudi. Hulda alipomtembelea mara ya kwanza walikaa jikoni, mvua ikinong'ona kwenye bati, wakaongea mpaka moto ukafifia. Wakati wa kuaga Hulda akamshika mkono.

"Mama, nakuomba. Dawa hizo achana nazo kabisa. Zimekutosha."

"Nimesikia, mwanangu."

Hulda alirudi viazi vikiwa vinachanua. Ukungu ulikuwa bado haujainuka shambani, na ndani yake mtu alikuwa anakuja taratibu. Hulda aliona bomba kwanza, kisha shati lililoloa, halafu ikamfikia harufu. Nusura amkimbilie. Ukungu ukaachia kidogo, akamwona ni Devota.

"Kamwene, mwanangu. Karibu."

"Mama, si tulikubaliana uache dawa?"

"Niliacha. Siku ile ile uliyoondoka." Devota alimtazama kwa mshangao. "Vidonge vyote nilitupa chooni. Wewe ndiye mtu wa saratani, ungeniambia kitu kibaya?"

Hulda alikaa chini, pale pale kwenye tuta bichi. Aliniambia baadaye kwamba alisikia sauti yake mwenyewe ikisema dawa, dawa, dawa, na kila mara lilikuwa neno lile lile.

Kesho yake alimpeleka kwa daktari Makambako. Siku za kusubiri majibu zilikuwa mbaya. Nilimpelekea Hulda uji, nikaukuta asubuhi haujaguswa. Aliogopa, na mimi niliogopa pamoja naye, maana nilijua kwamba akimpoteza mama yule hatashika tena kazi hiyo.

Majibu yakatoka. Ugonjwa haukuwa umerudi. Daktari akampa Devota vidonge vingine, akamwambia asivikose hata siku moja.

Devota hakuwa na hasira. Ila nje ya hospitali aliuliza, "Sasa ile ya viazi niiiteje? Nikisema sumu, nani atanunua viazi vyangu?"

Hulda akamsimulia habari za shati. "Baba yangu alinukia hivyo hivyo, mama. Sijui kama ndiyo iliyomuua. Kazi yangu yote ni kutaka kujua."

"Yuko wapi sasa?"

"Mlangali. Nyuma ya kanisa."

Devota akafunga kitenge chake vizuri, wakaanza safari ya kurudi Yakobi.

Juzi nilimsindikiza Hulda huko. Mama Devota alimeza kidonge chake mbele yetu kwa uji, akajigamba kidogo, akatumiminia chai. Mumewe, mzee Enoki, ndiye anayepulizia siku hizi. Akatokea shambani na bomba lake, ameshainua mguu kuingia jikoni.

"Enoki," mkewe akamwambia bila hata kugeuka, "ile ya marehemu inabaki nje."

Mzee akarudi nyuma bila ubishi. Aliliweka bomba kando ya ua, akavua shati, akalitundika huko huko, akanawa mikono hadi viwiko. Ni wazi nyumba ile imezoea kuiita hivyo dawa ya viazi. Hulda alilitazama shati lile likichuruzika kwenye ukungu, machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Chai itapoa," nikamwambia.

Akainywa ikiwa moto.