Wimbo wa Emiliana Uligeuzwa Njiani

Soko la Makebuko lilimjua Emiliana kwa sauti kabla halijamjua kwa sura. Aliuza maharagwe upande wa wauza vyungu, na alipomwita mteja aliyeanza kupotelea kwenye mitumba, watu walitania kwamba hata ng'ombe wa kilima cha pili wamegeuza shingo. Lakini jina lake hawakulitumia. Walimwita Mtanzania.

Jina hilo lilimkera kuliko tusi. Alizaliwa kambini Mtabila, kule Kasulu, na utoto wake wote huko aliitwa Mrundi, wala haikuwa kwa mapenzi. Kambi ilipofungwa akarudi nchi ya wazazi wake, na mumewe Elikana. Wakakuta shamba la baba yake lina watu, lina migomba iliyokwisha kuzaa na kuzaa tena. Baada ya mabishano marefu wakakatiwa upande wa mteremko, penye mawe, wakajenga hapo hapo. Majirani wakawa wanasema, "Wale Watanzania wa kule chini." Kirundi chake kilinukia Kiswahili, na kila alipokosea neno sokoni wanawake walilidaka, wakalirudia, wakacheka. Akawa mtu wa mpakani: huku si wa huku, na kule si wa kule.

Ndipo alipokuja Mhandisi.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na Mhandisi alikuwa mgombea urais wa chama kipya kilichokuwa na alama ya mzinga wa nyuki na rangi ya manjano. Watu wengi walikwenda kumsikiliza kwa sababu ilikuwa siku ya soko na hawakuwa na pengine pa kukaa. Alihutubia kwa Kirundi, kisha bila kutazamiwa akageukia upande waliposimama waliorudi, akasema kwa Kiswahili:

"Nanyi mliozaliwa ukimbizini, nawaona. Msikubali kuitwa wageni. Mtu haji ugenini penye kaburi la babu yake!"

Emiliana alihisi maneno yale yamemwingia kifuani yakakaa. Hakujua kigelegele kilimtokaje. Kilipasua soko zima, na Mhandisi mwenyewe akainua kichwa kutafuta kilikotoka.

Tangu siku hiyo alikuwa wa Mzinga, roho na mwili. Akipalilia, alipalilia huku anatunga. Wimbo ukaja wenyewe:

*Mzinga umejaa, nyuki wako kazini,*
*Aliyerudi karudi, asiitwe mgeni.*

Aliyeuchukua wimbo huo kutoka kilimani na kuupeleka mjini ni Kastori, mfanyabiashara wa mabati na saruji pale Gitega, aliyekuwa mkuu wa kampeni ya Mhandisi mkoani. Kastori alikuwa na sauti laini, na kwake kila mtu alikuwa "ndugu yangu". Alimpa Emiliana kitenge cha manjano chenye picha ya Mhandisi, akampa na mwenzake wa kuimba: Kadidja wa mtaa wa Nyamugari, mke wa Hamadi fundi cherehani, mwanamke wa harusi na vifijo ambaye mtaa mzima ulimwazima koo. Mmoja alikuwa mlokole wa mashambani, mwingine Mwislamu wa mjini. Mmoja alisema Kiswahili cha Kasulu, mwingine cha Nyamugari. Wakicheka walichekeana lafudhi, lakini wakiimba huwezi kuwatenganisha.

Walizunguka na Mhandisi kila penye mkutano. Kule Mutaho mvua iliwanyeshea, gari la Mhandisi likazama kwenye tope, na waendesha baiskeli waliofunga vitambaa vya manjano kwenye usukani wakashuka wote kulisukuma. Emiliana alisimama juu ya kreti la bia akiwaimbisha, tope limemfika magotini, na gari lilipochomoka watu walikumbatiana kana kwamba nchi yenyewe imechomoka. Hakuna aliyemwita Mtanzania siku hiyo. Walimwita Mama Mzinga.

Katikati ya hayo ikaja habari ya msiba kutoka Muyinga. Manase, mume wa dada yake Anisia, amefariki. Manase alikuwa kiongozi wa Jembe kilimani kwake, na Jembe ndicho kilichokuwa chama kikubwa, chenye fulana za bluu. Emiliana alifunga kanga zake tayari kwa safari. Kabla hajatoka, Kastori aliitisha kikao cha waimbaji, kurudia yale aliyokuwa akiyasema masokoni.

"Ndugu zangu," alisema, na macho yake yalikuwa kwa Emiliana, "anayekula kwa Jembe ni Jembe. Siwezi kumsimamisha mbele ya Mhandisi mtu ambaye juzi alikuwa amekaa kwenye jamvi la maadui."

Nyumbani, Elikana alimwambia mkewe, "Tulipotoka kambini na watoto mgongoni, nani alitufungulia mlango? Ni Manase. Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Ni wiki chache tu, baba. Anisia ataelewa. Mhandisi akishinda, sote tutapumua."

Elikana alikwenda peke yake. Aliporudi alining'iniza koti lake, akaomba maji ya kunywa, akaenda kulala. Emiliana aliogopa kuuliza habari za dada yake.

Mkutano mkubwa ulipangwa Muyinga, karibu na mwisho wa kampeni. Asubuhi malori ya Fuso yalijaa manjano pale Gitega, watu wamesimama wameshikana viuno. Njia nzima hadi kupita Karusi Emiliana na Kadidja waliimba, na vijijini watu walitoka kwenye maboma yao kupunga mikono. Emiliana alikwisha kujiambia kwamba mkutano ukimalizika atakwenda kwa dada yake kuomba radhi.

Walipokaribia Muyinga, malori yaliingia pembeni penye mikaratusi na kusimama. Gari la Kastori lilikuwa limetangulia, na chini palikuwa na maboksi. Vijana wakaanza kuyachana. Zikatoka fulana za bluu.

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha. Kastori akapanda kwenye ngazi ya lori.

"Ndugu zangu, siasa ni kuona mbali. Tumezungumza na wakubwa, tumeelewana. Kuanzia leo, sisi ni Jembe. Manjano mvue, muweke humu kwenye magunia. Mgombea yuko njiani, anatungoja tumpokee."

Ikaanza minong'ono, halafu, jambo ambalo Emiliana hakulisahau, watu wakaanza kuvua. Si wote kwa furaha. Wengine walitazama chini, wengine walitafuta saizi. Mzee mmoja aliivaa ya bluu juu ya ya manjano, akafunga vifungo vya koti.

Emiliana alishuka kwenye lori akamwendea Kastori mpaka wakatazamana.

"Na Mhandisi?"

"Mhandisi ni mtu mzuri sana. Ila hashindi."

"Anajua?"

"Atajua."

"Wewe uliyajua haya lini, Kastori? Ulikuwa unayajua siku ile uliponizuia nisiende kumlilia shemeji yangu?"

Kastori alitazama simu yake. "Emiliana, ndugu yangu, mambo ya familia usiyalete kwenye siasa."

Ni kama mtu aliyekuchomea nyumba kisha akakulaumu kwa moshi. "Nani aliyeyaleta?" alipiga kelele Emiliana, na ile sauti iliyokuwa ikigeuza ng'ombe ikawageuza watu wote. "Mimi au wewe? Nani alisema anayekula kwa Jembe ni Jembe? Leo wewe ndiye unayewapakulia!"

"Punguza sauti. Wimbo ni ule ule, tumebadilisha mstari mmoja tu. 'Jembe limenolewa, wakulima kazini.' Mstari wa pili uache kama ulivyo, ni mzuri."

"Mstari wa pili ni maisha yangu."

Hapo ile sauti laini ilikatika. "Ndiyo shida yenu nyinyi Watanzania. Hamjui siasa za hapa. Unapanda au hupandi?"

Emiliana alimpa mgongo. Alimtafuta Kadidja, akamkuta nyuma ya lori, fulana ya bluu mkononi, machozi yanamtoka.

"Kadidja, twende. Muyinga si mbali, tutatembea."

"Dada, mi siwezi. Hamadi anashonea kwa nyumba ya huyu patro Kastori. Mi nikikataa leo, kesho cherehani iko inje. We iko na shamba, hata kama ni ya mawe. Mi niko na nini?"

"Una koo lako."

"Koo haipikwe, dada. Lakini usinihukumu, nakuomba."

Aliivaa huku akilia, akapanda. Malori yakaondoka. Emiliana akabaki barabarani na kitenge chake cha manjano.

Alitembea. Waliopita wakielekea mkutanoni walimzomea, wengine wakamwambia avue asije akapigwa. Hakuvua. Si kwamba alikuwa jasiri. Hasira ilikuwa imembana mpaka haikuacha nafasi ya woga. Alipoufikia mji aliusikia wimbo wake kwenye vipaza sauti, ukitanda juu ya mabati. *Jembe limenolewa, wakulima kazini, aliyerudi karudi, asiitwe mgeni.* Ni sauti ya Kadidja, na ilikuwa nzuri kama siku zote. Hilo ndilo lililomuuma.

Uwanjani hakuingia ndani sana. Mbele kabisa, kwenye viti vyenye kivuli, alikaa Kastori na shati jipya. Waliotoka Gitega walijaa karibu na jukwaa. Nyuma yao, kwenye ukingo wa jua, walikuwa wamesimama watu wenye fulana za bluu zilizopauka kwa kufuliwa, wanawake wa makamo wengi wao, hawapigi makofi. Mmoja wao, mwenye kitambaa cha ujane, aligeuka. Alikuwa Anisia.

Emiliana alipiga magoti pale pale kwenye vumbi. "Dada..."

"Simama. Usinisalimie hapa." Anisia alikitazama kitenge chake cha manjano, kisha jukwaa. "Unaona? Sisi tulioanza na marehemu, tuliotukanwa kwa ajili ya fulana hii, tumeambiwa turudi nyuma tuwapishe wageni wenu. Yule pale aliyetuita mende kwenye redio ya Gitega, leo amepewa kiti." Akatema mate kando. "Yampayinka!" alishangaa kwa Kirundi. "Twende nyumbani."

Nyumbani Anisia alimpakulia ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, akakaa mbali naye, akamtazama akila. Emiliana alijaribu kueleza, Kastori alivyosema, kikao kilivyokuwa. Anisia akamkatiza.

"Kastori si ndugu yangu. Hakuwa na deni la kumzika mtu wangu, na wala sikumngoja. Wewe nilikungoja. Kila gari lililosimama pale chini, nilitoka nje."

Emiliana aliacha kula.

"Sikuachi uondoke na njaa," aliendelea Anisia, "maana mama hakunilea hivyo. Lakini usidhani kwa sababu umemtukana yule mtu barabarani, basi mimi nawe tumemaliza. Utakuja tena. Utakaa. Utakwenda na mimi kaburini. Tutaona."

Alikwenda kaburini kesho yake, na mara nyingine nyingi baadaye. Mambo ya undugu hayakurudi kwa siku moja.

Uchaguzi ulipita. Emiliana alimpigia kura Mhandisi hata hivyo, kwa ukaidi. Mhandisi alishindwa, akampongeza mwenzake redioni, basi. Kwa waliomsukumia gari kwenye tope la Mutaho hakuwa na hata neno. Hilo nalo lilimuudhi, lakini kidogo, maana hasira yake kubwa ilikuwa kwa Kastori.

Mwenyewe alikuja Makebuko siku ya soko, ndani ya bluu, kuwashukuru wananchi. Alipomwona Emiliana kwenye maharagwe yake, alitabasamu kana kwamba pale penye mikaratusi hapakuwahi kutokea kitu. "Ndugu zangu, tunaye hapa mama yetu wa sauti! Mleteni atuimbie."

Elikana alimshika mkono. Alijinasua, akapanda jukwaani, akapewa kipaza sauti.

"Sitaimba," alisema. "Nitauliza tu. Mtu huyu alisimama hapa hapa akatuambia wenye bluu ni maadui, tusile kwao, tusilie nao. Kuna aliyeacha kumzika ndugu yake kwa maneno hayo. Mimi niliacha. Kuna waliovunja uchumba wa watoto wao, mko hapa, mnajijua. Leo yeye amevaa bluu. Sawa, ni haki yake, nchi ni ya wote. Lakini je, amekwenda kwa yeyote kati yenu kusema, 'Niliwatenganisha, sasa nisaidieni kuwapatanisha'? Amekwenda kwa nani?"

Spika ilizimwa, lakini sauti ile haikuwa ya kuhitaji spika. "Kwa nani?" Na upande wa wauza vyungu, mwanamke mmoja, tena katika wale waliokuwa wakimcheka Kirundi chake, akaitikia, "Kwa nani?" Likaenea soko zima. Kastori alingoja litulie. Halikutulia. Akaingia garini.

Siku chache Elikana hakulala vizuri, akisikiliza kila pikipiki iliyopita. Hakuja mtu. Emiliana hakualikwa tena kwenye sherehe yoyote ya serikali, na pale kilimani wenye vyeo walibadilisha njia walipomwona. Maharagwe yake yaliendelea kununuliwa.

Baadaye Kadidja alikuja kutoka Nyamugari, na sambusa kwenye bakuli. Hamadi bado alikuwa anashonea pale pale. Walikaa mlangoni, wakala, wakaulizana habari za watoto. Alipotaka kuondoka, Kadidja alisema kuna harusi Gitega, maharusi wanataka sauti mbili.

"Tafuta mwingine, mdogo wangu," alijibu Emiliana, wala hakusema kwa ukali. "Kula nitakula nawe. Kuimba, bado siwezi."

Kadidja aliinamisha kichwa, akachukua bakuli lake. Emiliana alimsindikiza mpaka barabarani, akasimama naye hadi baiskeli ya kumpeleka ilipopatikana.