Alama za Mpima Ndengu

Mwanamke anayepima ndengu sokoni Ikutha hufuta vumbi mikononi kabla ya kushika simu. Huko mtandaoni huzipa alama albamu za metali, muziki wa magitaa yanayonguruma. "Nne kwa kumi," husema akiandika. "Mpiga ngoma ana haraka kama amefukuzwa." Wageni humtukana, yeye hafuti neno. Zamani zetu ngoma ya kilumi ilihukumiwa na akina mama: ikiwa mbaya waliketi, ikiwa nzuri waliinuka. Akina mama hao wamezikwa, na vijana hawaulizi. Jana nilipiga mdundo wa kilumi wa marehemu baba kwenye debe tupu la mpima ndengu.

"Nipe alama, mama."

"Rudia, mzee."

Nikarudia. Hakuandika kitu. Aliweka simu kwenye mizani, akainuka, akaanza kuchezesha mabega.