Wimbo wa Kumi na Mbili

Agnès Kangwa anashona sare za shule kule Katuba, Lubumbashi, katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na baba yake, mfanyakazi wa reli. Ana miaka arobaini na saba. Mumewe alikufa mapema akamwachia binti mmoja, Abigaïl, ambaye sasa yuko chuo, na binti huyo ndiye aliyempeleka mama yake kusikiliza Mukuba Noir kwa mara ya kwanza.

Mukuba Noir ni vijana wanne wa mjini kwetu wanaopiga rock kwa Kiswahili. Wana gitaa mbili, besi na batterie, yaani ngoma. Watu wa umri wa Agnès wengi husema zile ni kelele tu. Yeye siku ile alirudi nyumbani, akapika, akala, halafu akamwomba Abigaïl amwingize kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki. Mimi nilikuwamo tayari. Nakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, na nilishangaa kuona jina la mama anayewashonea watoto wangu likitokea kati ya wanafunzi na makanika.

Hazikupita wiki mbili akawa miongoni mwa wanaoongea zaidi. Katika kundi lile hakuna mada nyingine: ni mpangilio wa nyimbo basi. Kwa nini walifungua na "Mvua ya Acide"? Kwa nini waliacha wimbo fulani ambao watu wameulilia mwaka mzima? Agnès alikuwa na msimamo wake, kwamba tamasha limalizike na "Chumvi", wimbo wa polepole, ili mtu arudi kwake na kitu kifuani. Mpinzani wake alikuwa Idrissa, muuza vipuri vya pikipiki, Mwislamu mwenye asili ya Maniema, mtu mzima mwenye wajukuu. Idrissa alitaka "Wagon Saba" mwisho, gitaa zote zikilia, jasho likitiririka. Walibishana hadi wageni wa kundi walidhani ni maadui. Lakini siku ya Idi, Idrissa alimtumia Agnès sahani ya pilau, na Agnès ndiye aliyewashonea wajukuu zake.

Mwaka jana, mwezi wa saba, bendi ilitoka kuzunguka. Ilipangwa waanze Kolwezi, wapite Fungurume na Likasi, kisha wamalizie nyumbani Lubumbashi. Idrissa alikuwa na wateja njia nzima, hivyo akaamua kuwafuata na kutuandikia kila tamasha.

Kutoka Kolwezi alituletea orodha ya nyimbo kumi na moja. "Chumvi" ilikuwa ya tano. Agnès akaandika kwamba ya tano ni kuitupa jalalani. Ubishi ulikuwa ndiyo kwanza unapamba moto pale shabiki mmoja wa kulekule Kolwezi alipouliza kwa nini Idrissa ameacha wimbo wa mwisho. Idrissa akajibu kwamba wa mwisho ulikuwa "Wagon Saba". Yule akasema hapana, baada ya "Wagon Saba" kulikuwa na mwingine, gitaa moja na sauti moja, mtu anaomba afunguliwe mlango. Wengine watatu wakamuunga mkono. Tulipowauliza walikuwa wamesimama wapi, wote wanne walikuwa nyuma, karibu na mlango. Idrissa alikuwa mbele.

Tukacheka. Tukasema ni bia. Mwaba, mwimbaji wa bendi, ambaye huwa haandiki mara nyingi, aliandika mstari mmoja: walipiga nyimbo kumi na moja, wakazima mashine, wakala.

Fungurume ikawa hivyohivyo. Waliokuwa mbele walihesabu kumi na moja, waliokuwa mlangoni kumi na mbili. Mmoja alikuwa amerekodi kwa simu yake akatutumia. Tulisikia "Wagon Saba" ikiisha, makofi, kisha dakika tatu za watu wasiosema neno, viatu tu vikisuguana na saruji. Niliisikiliza mara moja, sikurudia. Kundi likagawanyika. Wengine waliandika kwamba ndio wimbo bora waliowahi kuusikia, bendi iache kujificha iuweke kwenye orodha. Wengine waliandika kwamba usipigwe tena kabisa, kwani tangu waliposikia miguu yao ilikuwa baridi na haipati joto.

Likasi, Idrissa alikwenda kusimama mlangoni. Alituandikia siku iliyofuata asubuhi, bila utani wake wa kawaida. Alisema ameusikia kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwamba jukwaani hakuna aliyekuwa anapiga. Vijana walikuwa wanakunja waya. Kisha akaandika maneno ya mwanzo:

*Katulo, fungula mulango,*
*mikono yangu imejaa udongo.*

Agnès alikuwa kwenye cherehani. Alisoma, akailaza simu kifudifudi juu ya meza, akaendelea na kola aliyokuwa anaishona. Aliimaliza, akashona nyingine, na nyingine. Aliniambia baadaye kwamba alishona kola saba kabla ya kuigeuza tena ile simu, na kwamba zote zilikuwa nzuri.

Zaidi yake mwenyewe, hakuna mtu aliye hai aliyekuwa anajua kwamba Agnès aliitwa Katulo. Aliyempa jina hilo ni kaka yake, Antoine, kwa sababu alipenda mno usingizi. Mama yao alipokufa, Antoine aliacha shule akawa anafyatua matofali. Jioni alirudi mikono yote miwili ikiwa na udongo mbichi, hawezi kushika kitasa, na mdogo wake alikuwa amesinzia ndani. Kwa hiyo alikaa kwenye ngazi akamtungia wimbo wa kumwamsha. Baadaye aliuwekea gitaa, gitaa la kopo na mbao alilolitengeneza mwenyewe, lenye waya mmoja uliolegea uliokuwa unavuma kama nyuki. Wimbo ulikuwa na beti mbili, huo wa mlango na mwingine wa kuweka maji motoni. Hakuuimba mahali pengine. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita alikwenda Kolwezi kuchimba madini kwa mikono kama vijana wengi, na shimo likamfunika pamoja na wenzake wawili. Hakutolewa. Nyumbani hapakuwekwa matanga, kwa kuwa baba yao alikataa kumlilia mtu ambaye hajauona mwili wake.

Agnès alimpigia Idrissa simu, akamwomba amwimbie alichosikia. Idrissa aliona haya, lakini aliimba. Sauti ilikwenda sawa mahali pote. Beti mbili za kwanza zilikuwa zilezile. Halafu Idrissa hakukoma.

"Iko ingine?" Agnès aliuliza.

"Iko, Mama Abi. Ba Kolwezi balisikia beti tatu. Ku Fungurume ilikuwa ine. Hapa Likasi, tano."

Walizipanga pamoja kwenye simu, Agnès akiandika kwa chaki ya fundi kwenye kitambaa cha bluu. Ubeti ulioongezeka Kolwezi ulisema huku chini hakuna saa. Ule wa Fungurume ulisema, Katulo, nimepata lifti, wenye gari wanapiga gitaa. Na ule wa Likasi ulisema, Katulo, naona taa za Lubumbashi, leo usilale kwanza.

 Hofu aliyoisikia Agnès, alivyonieleza, haikuwa ya kumwogopa kaka yake. Ilikuwa ya kwamba huenda Antoine amekuwa akigonga miaka yote hiyo bila kufunguliwa.

Tamasha la nyumbani lilikuwa Jumapili iliyofuata, saa tisa mchana, katika salle moja, ukumbi wa kukodi mtaani Bel-Air. Wiki nzima kundi liliwaka. Habari ya beti kuongezeka ilikuwa imeenea, na watu waliogopa. Wengi walitaka bendi imalizie na "Wagon Saba", baffle, yaani spika, zote zikipandishwa hadi mwisho, milango imefungwa, watu waimbe mpaka watoke nje ili kusibaki nafasi ya kitu kingine kuingia. Waliandika hivyo kama watu wanaopanga ulinzi. Kila mmoja alimtazamia Agnès aandike neno lake la siku zote, kwamba "Chumvi" ndiyo ya mwisho. Hakuandika.

Siku ya Ijumaa alikwenda na Idrissa kwenye mazoezi. Alimweleza Mwaba kila kitu, bila machozi, kama mtu anayetoa vipimo vya nguo. Mwaba ni kijana wa miaka ishirini na sita. Alisikiliza, gitaa likiwa mapajani, na mwishoni aliliweka chini.

"Maman, shee hatujapiga ile wimbo hata siku moja."

"Najua."

"Sasa unataka tufanye nini?"

"Mumalize na 'Chumvi'. Kisha munyamaze, musizime kitu, musikunje waya. Na mulango ibakie wazi."

"Na kama anakuya?"

"Njo minataka akuye," Agnès alisema.

Idrissa, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kukubali "Chumvi" iwe ya mwisho, alimwambia kijana afanye hivyo.

Jumapili ile salle ilijaa. Mimi nilisimama mbele na Abigaïl. Mama yake ndiye aliyetupanga hapo, na hakutupa nafasi ya kukataa. Yeye na Idrissa walibaki mlangoni. Nje kulikuwa na jua la kiangazi na upepo wenye vumbi. Pembeni mwa mlango kulikuwa na ndoo ya kunawia mikono, ile yenye bomba dogo, iliyobaki pale tangu wakati wa korona.

Bendi ilipiga nyimbo kumi. Wa kumi na moja ukawa "Chumvi". Ulipoisha, Mwaba hakuinama kama kawaida. Alisimama tu. Watu walipiga makofi, wakaona hasogei, makofi yakapungua hadi yakakatika. Mimi nilisikia baffle zikivuma, na mtoto wa mtu akikohoa. Zaidi ya hapo sikusikia kitu, na Abigaïl pia hakusikia. Lakini niligeuka nyuma, na nilichokiona nimekiona.

Watu waliokuwa mlangoni walisogea. Hakuna aliyewaambia. Walirudi nyuma upande huu na upande ule, polepole, macho yakiwa chini, wakaacha uwazi wa kupita mtu mmoja. Idrissa alivua kofia yake akaishika kifuani. Agnès alibaki peke yake pembeni mwa ule uwazi, ameinamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza mlio wa mashine.

Yeye alikuwa anasikia. Alianza kusikia ule waya uliolegea, ukivuma kutoka uani, kisha sauti. Ilikuwa sauti ya Antoine, Agnès anasema, ila haikuwa na pumzi. Mstari uliisha na mwingine ukaanza bila mtu kuvuta hewa katikati. Iliimba beti zote tano. Ilikuwa karibu naye sana, baridi ikimpanda kutoka kwenye vifundo vya miguu. Kisha ukaja ubeti wa sita, ambao hakuna mji uliousikia: Katulo, umefungula, sasa leta maji ninawe.

Agnès alifungua bomba la ndoo, akasogea kando.

Nilikuwa mbali kidogo, lakini niliyaona yale maji. Yalianguka bila mlio. Bomba lilikuwa juu, sakafu ilikuwa saruji tupu, na hakuna tone lililosikika likigonga chini. Yalitoka hivyo mpaka ndoo ikakaribia kwisha. Halafu ghafla yakaanza kulia kama maji yoyote, chwa chwa chwa, na Agnès akafunga bomba. Watu wa mlangoni wakainua macho. Baadaye nilipita pale nikaiona sakafu. Ilikuwa nyekundu. Vumbi letu la kiangazi ni jekundu, kila mtu anajua, na sitaki kusema zaidi ya hapo.

"Amekwenda," Agnès alimwambia Idrissa.

 Idrissa alisoma dua kwa sauti ya chini, na Agnès akafanya ishara ya msalaba, wakatoka nje pamoja.

Jumanne iliyofuata matanga yaliwekwa Katuba, siku tatu, viti vya kukodi hadi barabarani. Padri wa parokia alisita mwanzoni, kwani mtu alikufa zamani na kaburi hakuna, lakini alikuja akasoma misa. Idrissa alileta wazee wawili wa msikitini na gunia la mchele. Vijana wa bendi walikaa nyuma na mavazi yao meusi, wakaosha vyombo. Agnès alilia siku ya pili, mchana kweupe, kilio kirefu cha mtu aliyekiweka tangu ujana wake. Abigaïl alimshika mabegani, kwa sababu alikuwa hajawahi kumwona mama yake hivyo.

Bendi imekwenda miji mingine tangu wakati huo. Mlangoni hakuna aliyesikia kitu tena.

Mwaba alikuja mwezi wa kumi kuomba ruhusa ya kuuimba. Agnès alifikiri wiki nzima. Mwishowe alimkalisha chumba cha mbele akamfundisha beti mbili, wa mlango na wa maji motoni, akimsahihisha kila alipokosea. Mwaba aliuliza kuhusu zile nne zilizobaki. Agnès alisema zile mbili kaka yake alizitunga akiwa mtu, watu wanaweza kuziimba. Zilizobaki hajui ni za nani.

Sasa upo kwenye orodha, wa sita au wa saba kutegemea mji. Mashabiki wapya hawajui habari yake, na kila baada ya tamasha wanalalamika kwenye kundi kwamba ni mfupi mno, unakatika pale unapoanza kunoga, bendi iongeze beti. Agnès husoma yote. Idrissa huwajibu kwa niaba yake kwamba umetosha, kisha anabadilisha mada na kuuliza ni nani aliyeondoa "Wagon Saba".