Kila Sehemu Iseme Inachohitaji

Capitoline Irankunda ana tabia moja iliyokuwa ikinikera sana. Ukimweleza jambo lolote la kazi, anauliza, "Imeandikwa wapi?" Anauliza kwa upole, kisha anatulia akingoja jibu. Nimefanya naye kazi miaka minne katika ofisi yetu ya Mulongwe, hapa Uvira, na kwa mitatu ya kwanza swali lile lilinikaa kooni.

Ni binti wa wakulima wa mpunga wa Runingu. Baba yake ni Ndihokubwayo, kaka yake ni Ndayiragije, yeye ni Irankunda. Majina matatu, nyumba moja. Ndiyo desturi ya wasema Kirundi wa bonde la Ruzizi: mtoto hapewi jina la baba, anapewa lake mwenyewe kufuatana na yaliyowasibu au kuwafurahisha wazazi alipozaliwa. Alisoma hesabu akiwa na kitabu kimoja kwa watoto wanne, akaenda Bukavu kujifunza kompyuta, akarudi. Wengi wa rika lake hawakurudi. Nilipomuuliza sababu, alisema tu kwamba kazi iko huku.

Kazi yenyewe ni programu ya chanjo za watoto, inayotumika katika vituo vya afya sitini na vitatu, kuanzia ukingo wa ziwa hadi milima ya Lemera. Ukisikia programu unafikiri ni kitu kimoja. Hapana. Ina sehemu zaidi ya mia mbili: ya simu ya muuguzi, ya kompyuta kuu, ya orodha ya vijiji, ya kuchapisha kadi, na ndogondogo zinazozishika hizo. Kila tulipobadilisha kitu, ilibidi sehemu zote ziunganishwe upya ndipo programu ipelekwe vituoni. Na aliyejua kuziunganisha alikuwa mtu mmoja tu, mimi Hyacinthe.

Nilikuwa na daftari lenye hatua thelathini na moja. Anza na hii, kisha ile, nakili faili hili pale, sasa ngoja. Ilichukua saa nne. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Nilijipiga kifua kwa daftari lile. Nikiugua malaria, programu nayo inaugua, na hilo, niseme kweli, lilinipendeza.

Capitoline alipoliona daftari alisema, "Papa Hyacinthe, hii yote iko namna ya kufanya. Haiko inasema tunataka nini." Alitaka tuhamie kwenye mfumo mwingine kabisa. Kila sehemu iwe na karatasi yake ndani ya mashine, inayotamka mambo mawili basi: mimi ni nani, na ninahitaji nini. Hakuna hatua. Mpangilio mashine inautafuta yenyewe, na ukigusa sehemu moja, inajenga upya ile moja na zile zinazoitegemea, nyingine inaziacha. Alinieleza kwa sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Sombe inahitaji majani yaliyotwangwa na mawese. Majani yaliyotwangwa yanahitaji majani mabichi na kinu. Ukishatamka hayo, huna haja ya kumwambia mpishi aanze na mguu gani.

Nikamjibu kwamba nimekula sombe tangu yeye hajazaliwa. Alicheka, akarudi kwenye meza yake, akaanza kuandika matamko yale moja baada ya jingine. Sikumsaidia. Kila sehemu aliifungua, akaisoma yote, akauliza inatumia nini, akaandika. Zipo zilizomgharimu siku nzima. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Baada ya miezi mitano alikuwa amefika sehemu mia moja na tisini, na mimi nilianza kuogopa.

Ndipo ikaja barua. Mama Déborah, mkubwa wetu wa kazi, alitusomea amesimama. Wafadhili watamtuma mhandisi na kompyuta mpya isiyo na kitu. Ikiwa programu yetu itajengeka pale tangu mwanzo, kwa amri moja, bila mtu kuishika mkono, kazi itabaki Uvira. Isipojengeka, itahamishiwa Kinshasa, kwa watu wasiojua hata kijiji cha Bwegera kiko upande gani. Tulikuwa na wiki tatu.

"Tutaweza?" Mama Déborah aliuliza.

"Tutaweza," alisema Capitoline. Macho yangu yalikuwa kwenye meza.

Alimaliza sehemu zilizobaki katika wiki mbili. Mfumo wake una ukali mmoja: kila sehemu inajengwa kama imefungiwa chumbani, haioni chochote isipokuwa ilichotamka. Sehemu zote zikapita, isipokuwa moja. Ile inayowaunganisha watoto na mama yao ilikataa. Kwenye mashine yangu ilipita vizuri, kwenye chumba chake kilichofungwa ikakataa. Alijaribu Jumatatu, akajaribu Jumanne.

"Iko kitu inatumika na haijaandikwa," alisema.

Nilijua ni kitu gani. Miaka miwili nyuma Louise, muuguzi wa Bwegera, alinipigia simu kwa hasira. Mama mmoja alikuwa ameleta watoto watatu wenye majina matatu, hakuna hata moja la baba. Programu, ambayo kiini chake kiliandikwa ng'ambo na watu wanaorithishana jina, iliwafanya kuwa familia tatu. Mama yule aliitwa siku tatu tofauti, na anatembea saa mbili kufika. Mtoto wa tatu alikosa chanjo ya surua. Nikakaa, nikatengeneza faili kwa mkono: mama na kijiji ndio kiungo, jina liachwe. Kila wauguzi waliponiletea kesi ngumu, mtoto wa shangazi, mama mwenye makazi mawili, niliiongeza humo. Kesi mia nne na zaidi. Faili lile nililiweka kwenye mashine yangu, sikulitia mahali tunapotunza maandishi ya programu, wala sikumwambia mtu. Vituoni waliniita Dokta. Nilijiambia kwamba siku watakapolipata, hawatanihitaji tena.

Kwa hiyo nikanyamaza. Nilimtazama binti yule akitafuta kitu nilichokuwa nimekikalia, na nikanyamaza. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano Capitoline hakuja ofisini. Alipanda pikipiki hadi Bwegera, akamuuliza Louise watoto wale waliunganishwaje. Alirudi alasiri na vumbi hadi kwenye nyusi. Akavuta kiti karibu nami.

"Louise ameniambia ni weye ulitengeneza."

Nililivuta daftari langu karibu.

"Minye naweza kuandika ingine mupya," alisema, "lakini zile kesi zako zote siwezi kuzipata kwa siku mbili. Watoto watatawanyika tena."

"Mashine yangu iko pale," nilisema. "Hata haina neno la siri. Kwa nini hukuichukua?"

"Kama nachukua kwa kuficha, minye na weye tutakuwa sawasawa."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na hilo liliniuma kuliko matusi. Kisha akageuza kompyuta yake nione. Tamko la sehemu ile lilikuwa limeandikwa tayari. Ninahitaji: orodha ya vijiji. Ninahitaji: orodha ya mama. Ninahitaji: na hapo palikuwa patupu. Chini yake, kwenye nafasi ya mwenye sehemu, alikuwa ameandika jina langu.

"Hii iko kazi yako, Papa Hyacinthe. Minye sitaandika mu nafasi yako."

Mficha uchi hazai. Nilisikia methali hiyo tangu utoto na sikuwahi kudhani inanihusu. Nikamwambia, "Sogea kidogo." Nikaleta faili langu, na kwa mkono wangu mwenyewe nikaandika pale palipokuwa patupu. Tulikosea mara mbili, mara ya tatu sehemu ikapita. Capitoline hakunipongeza. Aliuliza tu kama zipo siri nyingine. Zilikuwepo mbili ndogo, nikazitoa.

Mhandisi alifika Ijumaa asubuhi. Aliitwa Achille, mzaliwa wa Bukavu, kijana mkavu asiyekunywa hata chai aliyopewa. Aliweka kompyuta yake mezani, akaandika amri moja, akakunja mikono. Sehemu zikaanza kupita moja moja kwenye kioo. Mama Déborah alikuwa akisali kwa midomo. Capitoline alisimama wima nyuma ya kiti, ameshika egemeo lake kwa mikono miwili. Dakika ya kumi na nane umeme ukakatika. Kompyuta ya Achille ikaendelea na betri, ila ile ya ofisi, ilikokuwa ikichota sehemu, ikazimika na ujenzi ukasimama. Aliandika amri ileile tena umeme uliporudi. Haikuanza upya. Ilizitambua zilizokwisha, ikaendelea na zilizobaki, na baada ya dakika tisa ikamaliza.

Achille alifungua programu, akaandika Bwegera, akamtafuta mama yule wa watoto watatu niliyekuwa nimemtajia. Wakatokea wote watatu chini yake, siku moja ya kuja.

Nilidhani yamekwisha. Achille akageuza kiti, akanitazama mimi, mzee wa pale.

"Mashine imepita. Sasa nauliza watu," alisema. "Kinshasa wameandika kwamba hii kazi yote iko mu kichwa cha mutu moja, anaitwa Hyacinthe. Ni weye, papa?"

"Ni mimi."

"Kesho ukitoka, kazi itasimama?"

Mama Déborah alifungua mdomo, Capitoline akamgusa mkono anyamaze. Hakuna aliyeweza kunijibia. Miaka kumi nilikuwa nimefanya kila niwezalo ili jibu la swali lile liwe ndiyo.

"Haitasimama," nilisema, nikimwonyesha Capitoline. "Muulize huyu. Yote imeandikwa."

Achille akaandika jibu langu kwenye karatasi yake, akalipigia mstari, na kazi ikabaki Uvira.